Shemegi Amur na Kigiriki Chake

Shemegi yangu Amur alikuwa anajua Kigiriki. Alisema mwenyewe, na kwa vile Bawshar nzima, huku kwetu Oman, hapakuwa na Mgiriki wa kumbishia, akabaki bingwa peke yake.

Elimu hiyo aliipata Athens mwaka 1996, wizara ilipompeleka kozi ya kupanga mafaili. Wiki mbili! Wenzake husoma miaka saba wakarudi na cheti. Amur alisoma wiki mbili akarudi na taifa zima. Tangu hapo ukimpa kahawa ataionja, atafumba jicho moja, atasema, "Wagiriki wanaipika vingine." Ukimpa jibini, Wagiriki. Ukipiga chafya, Wagiriki wanapiga chafya kwa ustaarabu zaidi.

Basi mwaka 2003 akatangaza kwamba atampeleka dada yangu Kheiria kisiwa cha Kos, kwa hao hao Wagiriki wake, kusherehekea miaka kumi na tano ya ndoa yao. Kheiria alitaka Salalah, humu humu nchini kwetu, akaone mvua.

"Salalah!" Amur akasema, kama aliyeambiwa akalale jikoni. "Mke wa mkurugenzi aende Salalah, na mimi nnajua Kigiriki?"

Mama yetu, aliyekuwa abaki na watoto, akashtuka. "Mnapelekwa Kos? Kwa kosa gani?"

Mimi nikatiwa safarini ili Kheiria apate wa kuzungumza naye, maana bwana angekuwa na shughuli nyingi za kutafsiri. Kazi yangu nasomesha Kiingereza skuli, lakini nilionywa tungali kwenye ndege: "Rahila, ukifika kule funga mdomo. Waachie wenye lugha."

Nikafunga.

Mji wenyewe ulikuwa mzuri, haki ya Mungu. Nyumba nyeupe, madirisha ya buluu, hoteli yetu imekaa ufukweni, na mbele yake watalii wamejianika mchangani kama samaki wa ng'onda, wanajigeuza upande huu na huu.

Usiku wa kwanza tukakaa mezani. Mhudumu, mzee mwenye masharubu ya kupigia deki, akaja na sinia la bilingani zilizojazwa wali. Amur na bilingani hawaonani hata kwa dawa. Mzee akamnyooshea moja, akamuuliza kwa nyusi.

"Ne!" Amur akasema, mkono juu.

Bilingani ikatua sahanini.

"Ne! Ne!"

Zikatua mbili zaidi.

Kheiria akaitazama ile sahani. "Amur, nne za nini? Tuko watatu, na wewe mwenyewe huli."

"Si nne ya kuhesabu. Hiki ni Kigiriki. Ne maana yake hapana."

"Mbona anazidi kuleta?"

"Ukarimu! Mgiriki hakubali mgeni akatae."

"Na wewe nani alikwambia ne ni hapana?"

Amur akaweka uma chini, kama profesa anayesikitikia darasa. "Kheiria, tumia akili. Mwingereza anasema no. Mfaransa, non. Mhindi, nahi. Dunia nzima hapana yao inaanza na N. Mgiriki atatokea wapi?"

"Na sisi Waarabu? La ina N?"

"Kiarabu usikitie humo."

Akaja samaki wa kuchoma, changu mzima, anatoa harufu ya kumtoa mtu machozi. Mhudumu akauliza tena kwa nyusi. Amur akatabasamu, akasema, "Ohi!" Ohi, alitueleza, ni binamu yake oke ya Kiingereza. Changu akageuzwa, akarudi jikoni hivyo hivyo na harufu yake. Siku mbili tulikula bilingani.

Siku ya tatu, asubuhi, tumekaa ufukweni chini ya mwavuli, ndipo alipotokea Bibi Stavroula. Huyu alikuwa msimamizi wa michezo ya hoteli: mama wa makamo, kifua mbele, firimbi shingoni, karatasi mkononi. Alikuwa anaandikisha watu wa mashindano ya kuogelea, kwenda mpaka kwenye boya jekundu na kurudi. Boya lenyewe lilikuwa mbali, unaliona kama tone la achari.

Akamfikia Amur. Akaonyesha bahari, akapiga mikono hewani kama anayeogelea, akauliza.

Amur akaruka kitini. "Ne! Ne, ne, ne!"

Bibi Stavroula alifurahi jamani! Hajapata kuona mtu mwenye hamu kama ile. Akamshika mkono, akambandika kofia ya mpira kichwani, nambari nne.

"Hiyo nne sasa ni ya kuhesabu?" Kheiria akauliza.

"Shemegi," nikanong'ona, "mwambie hutaki."

"Nimwambie kwa lugha gani? Nishamwambia hapana mara nne!"

"Niache mimi nimwambie kwa Kiingereza."

"Thubutu! Usinitie aibu mbele za watu."

Kufumba na kufumbua, Bibi Stavroula kashika kipaza sauti, anataja nchi za washindani. Ujerumani! Makofi. Uholanzi! Makofi. Oman! Hapo ufuko mzima ukapiga miluzi. Amur akavuta tumbo ndani, akapunga mkono kama mfalme anayefungua daraja. Nikajua kwisha kazi. Mtu anaweza kukataa mashindano, lakini Amur kukataa makofi, hilo halijawahi kutokea.

Firimbi ikalia.

Hatua ishirini za kwanza alikwenda vizuri sana, kwa sababu alikuwa anatembea. Kisha sakafu ya bahari ikaisha, na Amur akaisha nayo. Kikatoka kichwa. Kikazama. Ukatoka mkono. Nambari nne ikawa inaonekana na kupotea, inaonekana na kupotea, na mkondo unaisogeza pembeni.

Watu walidhani anafanya mchezo. Wakacheka. Kheiria hakucheka.

"Rahila, shika viatu vyangu."

Akafunga mtandio kwa fundo la nyuma, akaingia baharini na nguo zake zote, kanzu na suruali. Nyumba ya baba yetu, kule pwani ya Sidab, mlango wake unafungukia mchangani. Kheiria aliogelea kabla hajajua kusoma. Lakini toka aolewe hajavuka maji ya vifundoni, kwa vile Amur alisema mke wa mkurugenzi haogelei. Miaka kumi na tano! Na bado alikwenda kama mshale, akawapita Wajerumani wawili wa mashindano.

Nilimsikia Amur akilia, "Kheiria, nnakufa!"

"Hufi. Usinipande! Lala chali, tulia!"

Akamkamata kidevuni, akamvuta mpaka nchi kavu, akamlaza mchangani kwenye miguu ya Bibi Stavroula. Mwanamke masikini rangi ilikuwa imemtoka. Akaniuliza kwa Kiingereza: kwa nini mtu asiyejua kuogelea aseme ndiyo mara nne?

"Amesema ndiyo?"

"Ne," akanijibu. "Ndiyo."

Nikamfasiria Amur. Akajikung'uta mchanga uliomjaa masikioni.

"Hiyo lahaja ya visiwani," akasema. "Athens ni vingine."

Kisha akainua kichwa, anamtafuta mkewe. Kheiria alikuwa kesharudi majini. Alikuwa anakwenda taratibu, peke yake, mpaka akalishika lile boya, akalala chali akaitazama mbingu.

"Anakwenda wapi?" Amur akauliza.

"Anaogelea, shemegi."

Alimwangalia muda mrefu. Mkewe aliporudi, Amur akampa taulo kwa mikono miwili. "Kheiria," akasema kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, ndogo, haina hata Mgiriki mmoja ndani, "nifundishe."

Kesho yake asubuhi Kheiria akamtia kwenye bwawa la watoto, maji ya kitovuni. "Piga miguu, baba watoto! Miguu, si mdomo!" Na Amur akapiga, bila ya kujibu, bila ya kueleza, anazama na kuibuka katikati ya mabata ya plastiki.

Kitoto cha Kiholanzi, cha kike, umri kama miaka mitatu, kilisimama ukingoni kinamtazama. Kisha kikaenda kumshtakia mama yake kwa uchungu, kidole kinamwonyesha Amur. Yule mama akacheka mpaka akafuta macho.

Nikamwuliza kimesema nini.

"Anasema yule babu atolewe," akanijibu. "Anayanywa maji yatakwisha, na mwanangu bado hajaoga."