Kijiti cha Mwakani Chafika Kibamba

Brightson aliposhuka Kibamba Jumapili asubuhi, macho yake yalipanda moja kwa moja juu ya mapaa. Madishi kila nyumba, mengine yameota kutu. Akamshukuru Mungu, kama matapeli wengi wanavyomshukuru, bila kumuuliza kama anahusika.

Mkobani alikuwa na vijiti thelathini vya televisheni, kila kimoja ndani ya boksi lake. Kimoja tu ndicho kizima. Vingine ni maganda aliyoyajaza nta ya mshumaa ili yapate uzito. Kile kizima ndicho mtaji wake wote: bila kukionyesha kikicheza, nani angenunua?

Alianza kwa Mama Herieth, mjane aliyekuwa tayari kavaa sare ya kwaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, mwakani madishi kwishnei. Juu ya dekoda kuku watatamia mayai. Picha zote zitapita kwenye intaneti, ziingie kwa kijiti hiki!"

Akakichomeka nyuma ya televisheni, akawasha intaneti ya simu yake. Zikamiminika: kwaya, mpira, tamthilia za Kituruki.

Mama Herieth akafungua boksi moja, akatoa kijiti, akakinusa. Amewasha mishumaa miaka mingi, umeme ukikatika. Akakirudisha.

"Nipe viwili. Kimoja changu, kingine nikatoe sadaka."

Brightson alisita. Kumuuzia Mungu nta! Kisha akakumbuka kwamba Mungu haangalii tamthilia, akapokea hela.

"Hutoki kwangu bila sala," mama akasema.

Brightson akafumba macho kwa unyenyekevu wa kutisha. Sala ikawapitia wagonjwa, wasafiri, mpaka mafundi umeme. Yeye akaitikia "Amina!" kushinda mwenye nyumba. Alipofumbua macho, mama alikuwa keshachomoa kijiti, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Nyumba ya pili, kwa Kasimiri fundi cherehani, kioo kikabaki cheusi.

"Braza, huo mwakani mbona haufiki?"

Brightson akakichokonoa kijiti kwa kucha. Nta.

Mbio hadi kwa mama: kufuli. Mbio hadi kanisani. Ibada imeisha, mnada wa sadaka uko nje. Jogoo na mkungu wa ndizi vimeshapata wenyewe. Mzee Elibariki, mnadi, kainua boksi.

"Kijiti cha Mama Herieth! Majirani si mmekisikia kikiimba?"

Brightson hakuthubutu kusema ni chake. Angeulizwa vingine vina nini ndani. Akanyoosha mkono. Watu wakapandisha bei, naye akapandisha.

"Kijana ana moyo wa kutoa huyu!"

Alipofikisha mpaka nauli yake ya kurudi, akashinda. Wakampigia vigelegele na makofi ya kilo. Akajibanza ukutani, akachana boksi. Nta.

"Mama," akamnong'oneza Mama Herieth aliyekuja kusimama kando yake, "kizima kiko wapi?"

"Kwangu, nyuma ya TV. Si nimekilipia? Nilikubadilishia kwenye sala. Haya, niachie huo mkoba, tuyeyushe hiyo nta iwe mishumaa ya kanisa, kabla sijamwita Mzee Elibariki."

Brightson akautua mkoba. "Kwenye sala? Si tulifumba macho, mama?"

"Ulifumba wewe. Mie tangu niwe mjane, akiingia mgeni, nasali macho wazi."