Gemu la Binti wa Cheche

Habari iliyotikisa benchi letu la kahawa asubuhi ile haikuwa ya bei ya mafuta wala ya uchaguzi. Binti wa Cheche, fundi wetu wa kuchomelea vyuma, katengeneza gemu! Cheche alifika kifua mbele, akaturushia sote kwenye simu kabla hata hajaagiza kikombe.

"Lichezeni, mseme mazuri na mabaya. Anataka maoni leo, kabla hajalipeleka kwenye mashindano. Na msimwonee haya."

Gemu lenyewe fupi, unalimaliza kahawa haijapoa. Ni la kusoma: hukimbii, hupigi mtu. Picha zake za katuni za Kijapani, msichana ana macho kama visosi, maneno yanatokea chini, nawe unamchagulia la kusema.

"Michoro kali, bwana!" Wembe kinyozi alisema, pua karibu iguse kioo. "Ila nani kamnyoa huyu? Upepo unavuma, nywele zimesimama tu!"

"Wewe kila kitu nywele," Mama Birika, muuza kahawa wetu, alimkata. "Mimi muziki umenimaliza. Na ile mvua dirishani! Mtu mzima mimi, nalizwa na simu?"

"Haya, mabaya?" Cheche aliuliza, meno yote nje.

"Fupi mno," Mama Birika alisema. "Ndo kwanza linanoga, limekwisha."

"Na lina hitilafu," Wembe alidakia. "Kuna baba humo, binti anamwita mezani. Nimechagua 'Baba, kaa kidogo.' Kaondoka. Nimerudia, 'Baba, nimepata zawadi shuleni.' Kaondoka. Nikaweka 'Baba, naumwa.' Kwaheri! Sasa majibu yote hayo ya nini kama mzee yuko mlangoni tayari?"

"Kumbe na kwako?" Mama Birika alishangaa. "Nikadhani simu yangu ndiyo mbovu!"

Na mimi nikatia langu. "Halafu hana uso. Kila picha mgongo tu. Kachora mpaka kijiko, uso wa baba ndio umemshinda?"

"Uvivu huo!" Wembe alicheka. "Ila mgongo kaupatia. Mpaka shati lina tundu hapa begani, kama limerukiwa na..."

Sote tukageukia bega la Cheche. Tundu lilikuwepo, na kingo zake zimeungua.

Mama Birika akaanza kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa.

"We mwenyewe umelicheza?" alimuuliza taratibu.

"Bado." Cheche alilishika lile tundu kwa kidole. "Jana aliniambia, 'Baba, kaa tulicheze wote.' Nikamwambia nirushie tu, nitaliangalia kijiweni."

Kusema kweli nilimwonea huruma, na nikamwonea huruma zaidi yule mtoto. Cheche akainuka.

"Kahawa yako je?" Wembe aliuliza.

"Inywe wewe. Napeleka maoni."

Benchi lilikaa bila Cheche mpaka tukaanza kuboeka, maana tulikuwa hatuna wa kumtania. Kisha simu zikalia: gemu limerekebishwa. Wembe akakimbilia pale binti anapomwita baba mezani, akabonyeza 'Baba, kaa kidogo.'

Yule baba akasimama mlangoni. Akageuka! Macho makubwa, yanang'aa kama ya bintiye, na nywele ndefu za zambarau zimemwagika mabegani.

"Hapana!" Wembe aliruka, akapiga benchi kwa furaha. "Hili sasa ndilo kosa! Miaka yote nipo hapa, kichwa cha Cheche hakijawahi kunipa kazi! Upara mtupu! Lazima aambiwe!"

Cheche alikuwa ndiyo kwanza anafika, jua limeshapanda, shati lile lile begani limetiwa kiraka cha zambarau. Akapokea kikombe chake, akanywa amesimama.

"Nimeziona hizo nywele," alisema. "Mtu asimguse mwanangu. Ziacheni hivyo hivyo."

Akarudisha kikombe kabla hakijaisha, akaaga. Bintiye alikuwa anamsubiri nyumbani wale chakula pamoja.