Koti Jeupe la Papa Vitamini

Jumapili moja ya mwaka 1953, baada ya misa pale Nyamitaba, Ladislas alimsikia mwalimu Mbonigaba akilalamika kwamba watoto wanasinzia darasani, maana chakula chao cha mchana ni kiazi kitamu kimoja, tena cha jana. Wengine walisikitika. Ladislas, mtu mwenye huruma nyingi, alinusa faida.

Kesho yake akarudi amevaa koti jeupe la daktari, alilolishinda kwenye mchezo wa karata.

"Leta imenituma," akawatangazia wazazi, yaani serikali. "Batoto benu banakosa vitamini. Kila nyumba ilete maziwa, mimi nitaondoa badudu ba mikrobe. Mayai, Leta yenyewe itatoa."

Hakuna aliyejua vitamini ni mnyama gani. Ladislas naye hakujua, ila alilitamka neno hilo kwa uchungu hata akina mama wakashika tama. Nyirakamana, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu wa maziwa, alisimama wa kwanza. Mwanawe Benoît alikwisha kuonywa kwamba akiendelea kusinzia atafukuzwa shule.

"Papa," akasema, "kama batoto banaacha kulala mu darasa, siye bazazi tutatoa mutamba siku ya kufunga masomo."

Mtamba! Ng'ombe jike mzima, bado hajazaa! Ladislas alimeza mate, lakini kitaalamu.

Asubuhi maziwa yote yalipanda baiskeli yake mpaka machimbo ya Rubaya, na wapishi wa huko wakayanunua bila kuuliza. Kwenye mtungi wa shule alikoroga unga wa muhogo na maji ya mto. Ukisimama mbali, yalikuwa maziwa bora kabisa.

Saa sita watoto wakapanga mstari na vikombe vyao. Nyirakamana akajaza kikombe cha kwanza, akampa Ladislas kwa mikono miwili.

"Kwetu, mwenye kuleta maziwa njo anaonja wa kwanza. Kama anakataa, tunasema iko mulozi, ametia sumu."

"Mama, mimi nilisha kushiba."

"Kunywa tu, Papa. Nawe vitamini inakukosa, unakonda sana!"

Akanywa. Mbele ya kijiji kizima akanywa mpaka chini. "Yameharibika njiani," akatamka kwa huzuni ya kiserikali, kisha akashika tumbo, akatimua mbio kuelekea migombani.

Tapeli mwenye akili angeendelea kukimbia. Lakini mtamba! Kesho yake Ladislas alileta maziwa yale yale aliyopewa, bila kupungua hata tone, maana kikombe cha kwanza kilikuwa kinamngoja.

"Na mayai ya Leta?" wakauliza akina mama.

"Iko njiani."

"Basi na mutamba iko njiani."

Akanunua mayai kwa fedha za Rubaya. Zilipokwisha, akanunua kwa zake. Kwa vile alikuwa amehubiri pia juu ya maharagwe na mboga za lengalenga, vikaongezwa, naye akavionja kila mchana. Haukupita muda mrefu, Mungu amsamehe, akawa mtu mwaminifu. Watoto walinawiri. Benoît aliacha kabisa kusinzia, akaanza kuuliza maswali mpaka mwalimu akatamani alale kidogo.

Siku ya kufunga masomo Ladislas alifika na kamba mpya. Koti lake Nyirakamana alikuwa amelichukua jana yake, alifulie sherehe. Mtamba mwekundu alisimama uani, mnono, anang'aa. Ladislas alimpenda papo hapo.

"Huyu mutamba atazaa, maziwa yake itakuwa ya batoto ba shule, miaka yote," Nyirakamana akatangaza. "Na juu ya heshima ya Papa yetu, tumemupa jina: Ladislas."

Vigelegele vikapigwa. Ladislas mwenyewe, yule wa miguu miwili, alifungua mdomo apinge. Nyirakamana akamvika koti. Lilikuwa gumu kama ubao.

"Nimepiga amidon ya kukaza nguo," akamnong'oneza huku akimfunga vifungo. "Ule unga ulibakia chini ya mutungi, siku ya kwanza, nilianika. Unaona vile iko muzuri? Ao nimuonyeshe na polisi wa shefu?"

Polisi huyo wa chifu alikuwa pale pale, anakula yai.

Ladislas akafunga mdomo. Akapiga makofi kuliko wote, kisha kwa mikono yake mwenyewe akamfunga Ladislas kamba mpya shingoni.