Pampu Ilipona, Mjomba Akalowa

Jamani wa kundi letu, leo nimeaibika mchana kweupe, sebuleni kwangu, nikiwa ndani ya shati la pasi. Hapa nilipo nakamua zulia. Acheni niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa Sadiki, maana Sadiki ataongeza chumvi na habari hii haihitaji chumvi.

Mnanijua. Niliondoka Nachingwea na begi la mgongoni, nikarudi kutoka Dar na stashahada ya umeme, nikajenga kwa jasho langu. Mtaa mzima, nyumba yenye tangi la samaki sebuleni ni hii yangu tu. Samaki wa rangi ya dhahabu, kokoto za rangi, na pampu ndogo inayosukuma hewa kwa mpira mwembamba hadi chini ya maji ili wapumue. Watu wakipita huchungulia dirishani. (Siwafukuzi. Elimu ni ya wote.)

Tatizo ni huu umeme wetu. Unapanda, unashuka, unakatika, unarudi kwa kishindo. Umeshaniunguzia pampu zaidi ya moja. Mtu mwingine angewakaanga wale samaki yakaisha. Mimi nimesomea. Nikatengeneza boksi la mbao, ndani nikaiweka pampu pamoja na kilinda umeme, kile kidude ambacho watu huwekea friji. Umeme ukizidi au ukipungua, kinakata. Kinasubiri utulie, ndipo kinarudisha. Boksi nikalisukuma sakafuni nyuma ya meza ya tangi ili waya zisionekane. Kazi safi.

Sasa, nimeposa kule Nandagala, Ruangwa. Binti anaitwa Somoe. Barua ilipokelewa vizuri, lakini kwao mwenye neno la mwisho ni mjomba wake, Mjomba Issa, naye alisema hamwozeshi mpwa wake kwa mtu ambaye hajaona anakolala. Nikasema aje. Leo akaja, na mdogo wake Bi Fatu, ambaye ni mama mdogo wa Somoe. Upande wangu alikuwepo Sadiki, mshenga wangu. Mnajua desturi: mshenga anasema, mposaji anainamisha kichwa. Sadiki alinionya mlangoni.

"Hamisi, leo wewe ni 'karibuni' na 'ndiyo', basi."

"Na tangi atalieleza nani?"

"Tangi halioi."

Mjomba Issa aliliangalia sofa langu, akasema linammeza mtu. Akaomba mkeka. Nikautandika juu ya zulia, akakaa na kanzu yake nyeupe, mgongo ameuegemeza kwenye meza ya tangi. Sadiki na mimi tukakaa ubavuni mwake, na Bi Fatu akabaki kwenye sofa peke yake, akiwatazama samaki.

Chai ikaja, na mihogo. Baada ya chai, juisi ya ukwaju. Mjomba aliipenda, akaongezewa, akaomba tena. Sadiki akaanza maneno yake mazuri kuhusu shamba langu la korosho. Niliinamisha kichwa. (Kwa muda.) Mara taa ikawa nyekundu kama kaa la moto na feni ikaanza kuzunguka kama inafikiria. Nyuma ya meza kikasikika kidude changu: tak.

"Mmesikia?" nikasema. Sadiki akafumba macho.

"Nini hicho?" akauliza Mjomba.

"Pampu imelindwa. Umeme umepungua, mtambo umeona wenyewe, umeikata wenyewe. Mimi sigusi kitu."

"Kwa hiyo sasa haifanyi kazi."

"Haifanyi kazi, Mjomba, lakini ni nzima."

"Kama kaka yake Somoe," akasema Mjomba, na tukacheka wote. Nikaona mambo yamenyooka. Nikaeleza nguvu ya umeme ni nini na kwa nini inashuka. Nikaeleza sana. Bi Fatu alikuwa akiitikia kwa kichwa, macho kwenye tangi. Umeme ulibaki vile vile, mdogo, na maongezi yakaendelea: Somoe atakaa wapi, ufuta wake atalima nani.

Ikaadhiniwa Alasiri.

"Mzee wangu, tukachukue udhu," akasema Sadiki.

"Tangulieni," akasema Mjomba.

Hakusogea. Uso wake ulikuwa umebadilika, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Sadiki akamsubiri. "Nimesema tangulieni." Nikainamisha macho kwa adabu, na hapo ndipo nilipoona. Kanzu yake ilikuwa imelowa. Kiunoni, chini, hadi kwenye mkeka.

Nikakumbuka ule ukwaju.

Sikilizeni, niliwaza haraka kama msomi. Nikamtuma Sadiki uani akatazame maji ya udhu. Nikaingia chumbani, nikatoa msuli mpya ambao sijauvaa hata siku moja, nikaukunja mdogo, nikarudi nikachutama sikioni kwa Mjomba. Nikajaribu kugusa mkeka kwa kidole. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. (Kwa joto la Nachingwea kila maji ni ya uvuguvugu, lakini hilo halikunijia.)

"Mjomba," nikanong'ona, "usijali kabisa. Hata marehemu babu ilikuwa ikimtokea. Ni umri tu. Shika huu."

Akanitazama. Mzee aliyeingia kwangu kama mkuu wa wilaya alikuwa na macho ya mtoto. Akanishika mkono.

"Haijapata kunitokea, mwanangu. Hata sikuisikia ikitoka. Fatu asijue."

"Hatajua."

"Somoe ni wako. Ila Fatu asijue."

Ndugu zangu, nilishindwa kujizuia. Ndani ya moyo nilikuwa nimeshavaa koti la harusi. Ndipo Bi Fatu akasema kutoka kwenye sofa, kwa upole kabisa:

"Bwana Hamisi, kwani umeme ukipungua maji ya samaki nayo hupungua?"

Nikageuka. Tangi lilikuwa limebaki chini ya nusu. Samaki wamejikusanya pembeni, wananitazama.

"Yanashuka tangu tulipomaliza chai," akaendelea. "Nikadhani ndivyo yanavyofanya. Si ulisema kila kitu kinajiendesha chenyewe?"

Nikalivuta boksi. Maji yalikuwa yanatoka kila ungio la mbao. Nifafanue, kwa faida ya wasiojua. Pampu ikiwa chini kuliko tangi, ikizimika, maji yanarudi kwa ule ule mpira wa hewa, yanapita kwenye pampu, yanamwagika nje. Kuna kidude cha plastiki kidogo kama punje ya korosho cha kuyazuia. Kidude hicho huja pamoja na pampu. Nilikiona siku ya kufunga, nikaamua ni cha ziada. Kwa hiyo mtambo wangu ulifanya kazi vizuri kabisa: muda wote ulipoilinda pampu, ulikuwa unammwagia Mjomba.

Mjomba Issa akachovya kidole kwenye zulia, akakinusa.

"Samaki," akasema.

Akakinusa tena.

"Kwa hiyo hii si yangu."

"Si yako, Mjomba."

"Na wewe ukaja kunipa pole."

"Pole ya nini, kaka?" akauliza Bi Fatu. Akatazama kanzu, akatazama msuli mkononi mwa Mjomba, akanitazama mimi niliyechutama. Akajifunika uso kwa khanga. Mabega yakaanza kutikisika, na hayakutulia mpaka Sadiki aliporudi kutoka uani kuuliza mbona watu hawaji kuswali.

Mjomba aliswali kwa msuli wangu, akaondoka nao, kanzu iko kwenye mfuko wa plastiki. Getini Sadiki akajitahidi: "Na lile neno la Somoe, mzee wangu?"

"Lile nililisema nikiwa nimelowa," akajibu, akapanda gari.

Nikakaa na ndoo yangu ya samaki nikijua nimemkosa mke kwa sababu ya mpira wa hewa. Simu ikaita. Somoe.

"Umemfanya nini mjomba? Kafika hapa, kaomba mkeka, halafu kasema: huyo kijana anasema sana, na mashine zake ni ovyo. Lakini alipodhani nimejikojolea hakunicheka, alinipa nguo yake mpya. Mwozesheni."

Nilishukuru Mungu kwa sauti.

"Ila kuna sharti moja," akasema. "Jambo hili lisitoke nje ya waliokuwemo sebuleni."

Nikaapa. Naye akakata simu, nami nikaanza kuwaandikia. Kwa hiyo asicheke mtu, na mwenye ndugu Nandagala humu kundini naomba ajitoe kabla hajasoma.