Siku Niliyokikalia Kiti cha Spika

Jumatatu, 6 Mei

Spika anasafiri Alhamisi! Kongamano, nchi za mbali. Kitakachofuata nakijua: kiti atakikalia Naibu wa Kwanza. Mimi ni Naibu wa Pili. Tangu niteuliwe nimekalia kile kiti mara moja tu, tena saa ya chakula, ukumbi mtupu, mheshimiwa mmoja anakoroma. Wabunge wananiita Spea. Mama watoto naye kaanza, eti kwa mapenzi.

Na Alhamisi ndiyo siku ya hoja yangu! Daraja la kwetu. Mama yangu anavuka mto kwa kushika kamba, viatu mkononi, maana zahanati iko upande wa pili na dawa zake za presha ziko huko. Mvua za mwezi uliopita zilimchukua mbuzi wake huku anamwona. Nimempigia simu, nikamwambia siku hiyo awashe televisheni amwone mwanawe kwenye kiti kikubwa. Akauliza kiti cha nini, yeye anataka daraja. Nikamwambia vyote viwili vinakuja.

Sasa huyu Naibu wa Kwanza aondoke vipi?

Jumanne, 7 Mei

Nimepata! Maonyesho ya mbegu, mkoa wa mbali kabisa, barabara mashimo matupu. Nimemwambia Spika wakulima wanamlilia dada yetu, Naibu wa Kwanza, akawafungulie. Bila kuinua kichwa akasema aende.

Mchana Naibu wa Kwanza akaja ofisini kwangu. Mama mpole yule, ndicho kinachoniudhi. Akasema anasikitika, alitaka awepo siku ya daraja. Kura zitakaribiana sana, na zikilingana aliyekalia kiti ndiye anayeamua, naye angeamua upande wangu. Nikamwambia asihofu, kura ninazo kibindoni. Akaniachia pakiti yake ya peremende. Eti kiti kile hukausha koo.

Jumatano, 8 Mei

Joho! Spika ni mlingoti. Mimi Mungu aliniumba kwa kubana matumizi. Nimelijaribu, nikakanyaga pindo, nikaikumbatia meza. Fundi amekataa katakata kulikata joho la mwenyewe. Amelikunja na kulipiga pini pande zote, akanionya nisijigeuze ovyo.

Mama watoto akauliza: ukiwa kitini unapiga kura? Nikamweleza kwa upole. Anayekalia kiti hapigi kura, wala hachangii hoja, ila kura zikilingana. Akauliza, basi daraja atalisemea nani? Nikamjibu mbunge wa jimbo jirani atanisomea hoja. Akasema mtaka yote hukosa yote. Nikamwambia mambo ya Bunge aniachie mimi.

Alhamisi, 9 Mei

Niliingia, wakasimama wote! Hata wale wa "Spea". Nilisema "Utulivu, waheshimiwa" mara nyingi kuliko fujo iliyokuwepo. Raha ilioje.

Kisha daraja. Jirani akasoma vizuri mpaka mwisho wa karatasi. Akaulizwa mto unajaa miezi gani. Akanitazama. Akaulizwa watu wanavukaje kwa sasa. Akanitazama tena. Mimi niliyevuka mto ule mgongoni kwa mama, nimekaa juu, kimya, peremende mdomoni! Waziri akasema pengine wanavuka wachache tu, wasubiri. Nikanyanyuka kidogo nimjibu. Katibu akanivuta joho, pini ikaingia pajani. Nikakaa.

Mikono ikanyooshwa. Hoja ikaanguka kwa kura moja.

Moja! Ningekuwa kwenye benchi langu, zingelingana. Naibu wa Kwanza angekuwa kitini, angeamua. Badala yake ikabidi nitangaze mimi, kwa sauti yangu mwenyewe, kwamba wasioafiki wameshinda.

Ijumaa, 10 Mei

Mama kapiga simu asubuhi. Majirani wote walijazana kwake kuniangalia. Nilipendeza, joho refu zuri. Kisha akauliza: wenzangu wote walinyoosha mikono, wa huku na wa kule, mbona mimi peke yangu sikunyoosha?

Nikaanza kumweleza kanuni. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema haya, mwanangu. Leo siku ya dawa, ngoja awahi kabla mto haujapanda.

Nimejifungia chooni nikalia. Ningalijua... lakini nilijua! Kanuni hiyo nilimfundisha mke wangu kwa mdomo wangu.

Jumatatu, 13 Mei

Naibu wa Kwanza amerudi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Amemletea mama yangu mbegu za maboga. Akanipa pole, akasema laiti angekuwepo. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikasema ahsante dada.

Basi, nimekoma! Hoja inaruhusiwa kurudi kikao kijacho. Nitakaa benchini, nitausemea mto wangu mwenyewe, na mkono nitaunyoosha mpaka bega linitoke. Kiti wakikalie wanaokitaka. Nimemwahidi mama, nimemwahidi mke wangu.

Jioni. Spika anakohoa. Nimemsikia kwenye korido, kikohozi cha kifuani hasa. Kikao kijacho hafiki yule. Na zile mbegu, wakulima si watataka dada yetu arudi kuyaona mavuno? Safari hii hoja itapita kwa kura nyingi, ninahisi. Na mama ataniona tena.

Nimempigia fundi. Nimemwambia zile pini asizitoe.