Mmiliki wa Kisiwa

Jumatatu, 4 Machi

Nimeropoka. Basi, nimeshaandika, roho itulie.

Jioni binti yangu kaja na habari kwamba wazazi wa mchumba wake watatutembelea Jumamosi. Baba wa kijana ni mhandisi mstaafu, mtu wa maneno machache. Binti kaniomba jambo moja tu: nisijisifu. Nikaapa. Nusu saa baadaye kijana akapiga simu kunisalimu, na kabla sijajijua nikawa nimemwambia kwamba Jumamosi hatutakaa sebuleni, tutawapeleka kisiwani kwetu.

Kisiwani kwetu! Tuna vyumba vitatu na bomba linalovuja.

Mke wangu aliacha kukunja nguo akaenda kuweka ndoo chini ya bomba. Bora angefoka.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka na jibu. Kisiwa kipo! Si kile cha mviringo, pale mbele ya ufuo? Zamani walitaka kuzungushia ukuta kipande cha bahari wahifadhi humo maji matamu ya mto. Wakajenga duara moja la mawe na udongo kwa majaribio, mradi ukafa, wakaenda zao. Miaka thelathini lipo tu, shimo katikati, shakwe juu. Halina mwenyewe. Na kisicho na mwenyewe ni cha anayewahi. Hiyo ni sheria. Kama si sheria, ni busara.

Maji yakipwa unakwenda kwa miguu. Hata mashua sihitaji!

Jumatano, 6 Machi

Nimechora kibao: KISIWA CHA FAMILIA. Chini yake jina langu kamili, sanduku la posta na namba ya simu.

Shemeji akapita. Huyu ni kaka wa mke wangu, karani wa ofisi ya maji, na hajanipenda tangu siku ya harusi. Akauliza kama kweli nataka kuweka jina kamili na anwani. Nikamwambia wivu ni ugonjwa. Akatoa simu, akakipiga kibao picha. Halafu akaniachia jedwali la maji kujaa na kupwa, eti nisije nikazamisha watu. Nimelitupa. Ninalo langu ukutani jikoni. La mwaka jana, lakini bahari si ileile?

Alhamisi, 7 Machi

Nimesimika kibao. Shakwe wamenishambulia kichwani kama niliyewaibia mayai. Nimerudi mweupe mabegani.

Binti ameshasikia. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini kwamba anampenda huyu kijana, na nikimharibia hili hataniomba kitu tena maishani. Maneno yale yalinikata maini. Mama yake akaongeza kwamba sikio la kufa halisikii dawa.

Nikakaribia kabisa kufuta safari. Kisha nikakumbuka kibao kilivyopendeza.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nimejifunga shuka mbili.

Asubuhi mambo yalikuwa shwari. Baba wa kijana alisimama ufukweni akakitazama kisiwa muda mrefu. Nikajua ni kijicho. Tukavuka tope, mimi mbele na viti vya plastiki kichwani.

Tulipofika nikawakaribisha nyumbani. Nikasema babu yangu alikijenga kwa mikono yake, jiwe kwa jiwe. Hapo ningenyamaza! Nikaendelea. Nikasema baadaye alikuja mhandisi mmoja mpumbavu akitaka kuweka maji ndani ya maji, babu akamfukuza kwa fimbo. Baba wa kijana akauliza kwa upole huyo mhandisi alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema mfupi, masikio makubwa. Sijui masikio niliyatoa wapi. Nadhani nilikuwa nayaangalia.

Ghafla binti akapiga ukelele. Maji! Njia yote imemezwa! Na jedwali langu lilisema zimebaki saa nne kabla maji hayajajaa! Mama wa kijana akapanda juu ya kiti. Nikawatangazia wote watulie, kisha nikajikuta nimekumbatia kibao.

Baba wa kijana peke yake hakushtuka. Akahesabu hatua ishirini, akakwangua kinyesi cha ndege kwa kiatu chake kilichong'arishwa, ikatokea ngazi ya zege. Akatupandisha juu, pakavu. Kwenye zege palikuwa pamechorwa mwaka na jina.

Jina lake. Jina lake mwenyewe!

Kumbe mpumbavu wa hadithi yangu ndiye niliyembebea kiti!

Tulikaa pale kwa saa sita, tukingoja maji yapwe. Binti akasimama mbele yao. Hakunitetea hata kidogo. Akasema kisiwa si chetu, babu yangu alikuwa fundi cherehani, baba yake ana mdomo, na wakitaka kuvunja uchumba ataelewa. Alikuwa analia. Sijawahi kuona haya namna ile. Kisha akamgeukia mzee, akamuuliza yeye alitaka kufanya nini hapa.

Mzee akasimulia mpaka jua likahama. Jinsi mji ulivyokuwa na kiu. Jinsi chumvi ilivyopenya kila walipoziba. Jinsi walivyomcheka mpaka nyumbani kwake neno kisiwa likawa halitajwi, hata mwanawe hakujua. Akasema tangu mradi ufe hakukanyaga hapa, na katika miaka yote hiyo huyu binti ndiye wa kwanza kumuuliza. Akafuta macho. Nami nikafuta yangu.

Harusi ipo! Sharti lao moja: siku hiyo baba wa bibi harusi asipewe kipaza sauti. Wote wakakubali. Mke wangu alinyoosha mikono miwili.

Alhamisi, 21 Machi

Barua! Ya ofisi ya maji, yenye muhuri! Imeandikwa: KWA MMILIKI WA KISIWA. Serikali imenitambua! Nilimwita mke wangu, nikawaita na majirani, nikaisoma kwa sauti mlangoni.

Aya ya pili nilianza kwa sauti nikamalizia kwa kunong'ona. Wanasema wamemtafuta mwenye kisiwa miaka thelathini. Sasa, kwa mujibu wa picha iliyoambatanishwa, wamempata. Anatakiwa kuondoa mawe na udongo wote, na kuirudisha bahari ilivyokuwa. Ndani ya siku tisini!

Nilikaa chini pale pale mlangoni. Shemeji alipiga simu. Sikusikia neno, kicheko tu.

Mke wangu akauliza kama sasa nimejifunza. Nikamwambia nimejifunza sana. Na ni kweli, maana saa hii hii nimepata ufumbuzi, tena wa heshima. Kisiwa nitampa baba wa kijana, kama zawadi ya harusi. Kirudi kwa aliyekijenga! Pamoja na barua yake. Nitamtangazia ukumbini, mbele ya wageni wote, asipate nafasi ya kukataa.

Kilichobaki ni kupata kipaza sauti.