Kuhesabu Kumi Kimyakimya

Jumatatu, 4 Agosti. Masuguru.

Aibu! Mimi Sufiani, mnadi wa mitumba ninayesikika kutoka sokoni Korogwe mpaka stendi, nina binti wa miaka mitatu asiyesema neno. Leo tumempeleka Rukaya kwa Evodia, mtaalamu wa watoto wanaochelewa kuzungumza. Masikio mazima, kasema. Akatupa mchezo: mpulizie mtoto povu la sabuni, kisha acha. Funga mdomo. Hesabu kumi moyoni. Msubiri aombe mwenyewe. Hilo la kufunga mdomo kalirudia mara mbili, akinitazama mimi. Kwa nini mimi?

Jioni simu kutoka Kwashemshi. Mama mkwe, Bi Mwatumu, anakuja Alhamisi. Rukaya asiposema mpaka Jumapili, anaondoka naye akakue na binamu zake. Nikaitikia sawa mama, kwa adabu zote. Moyo ukaniuma. Nyumba bila Rukaya? Ndiye pekee hapa anayenisikiliza mpaka mwisho.

Jumatano, 6 Agosti.

Nikapuliza. Mapovu mazuri! Rukaya akacheka. Nikanyamaza. Moja, mbili... Mbili zinatosha. Nikamuuliza kama anataka tena, nikamjibia kwamba anataka, nikapuliza, nikamsifu kwa kuomba vizuri. Mke wangu Mwanaisha anasema mtoto hajafungua kinywa. Haoni maendeleo huyu.

Hata hivyo nimeandaa mpango wa akiba.

Alhamisi, 7 Agosti.

Rukaya mkekani, mimi nyuma ya pazia la chumbani. Mama mkwe kuingia tu, nikatoa sauti nyembamba: shikamoo bibi! Akaitikia marahaba, sauti ikimtetemeka kwa furaha. Ningeishia hapo. Lakini mteja akishasimama unamwachaje? Nikamkaribisha bibi achague mwenyewe, mzigo mpya, bei ya kutupa.

Nikachungulia. Rukaya alikuwa na ndizi nzima mdomoni! Mama mkwe akauliza mjukuu wake ameanza lini kuuza mitumba. Mengine kayasema kwa Kishambaa, nami Mzigua nashukuru sikuyaelewa yote.

Jumamosi, 9 Agosti. Handeni.

Mnadani. Laurenti, mpinzani wangu, kaja na kipaza sauti kipya. Ndiyo nishindwe? Nimenadi kwa koo tupu tangu asubuhi mpaka alasiri. Ushindi! Sauti imekwisha kabisa. Kondakta nimemwonyesha kwa vidole ninaposhuka.

Jumapili, 10 Agosti.

Begi la Rukaya mlangoni. Mama mkwe keshavaa viatu. Nilitaka kumsihi, koo likatoa upepo tu. Nikachukua kikombe cha sabuni, nikapuliza mara ya mwisho. Mapovu yakapaa, yakapasuka, yakaisha. Rukaya akanitazama. Nikamtazama. Nyumba nzima kimya, sijui kwa muda gani.

"Tena," akasema. Kisha: "Baba, tena."

Nimelia mbele ya mkwe, wala sioni haya kuliandika. Mama mkwe kavua viatu, kaanza kutoa nguo begini moja moja.

Jumatano, 13 Agosti.

Sauti imerudi! Evodia kauliza siku ile nilifanya nini tofauti. Nimemweleza kwa saa nzima: siri ni pumzi. Mapafu ya mnadi si ya kila mtu. Akaanza kusema jambo fulani juu ya kunyamaza, nikamsaidia kumalizia sentensi.

Rukaya ana maneno manne sasa. La nne kalitoa leo asubuhi akinipungia mkono: kwaheri. Maana mama mkwe kabadili mpango. Mtoto abaki. Wa kwenda Kwashemshi ni mimi, wiki tatu, na begi langu kalifunga yeye mwenyewe. Heshima iliyoje! Bila shaka wanataka nikawafundishe watoto wa kule kuzungumza.

Nimeshaazima kipaza sauti cha Laurenti.